Kutazama, Kulinganisha au Kujaribu: Njia Ipi Inafaa Swali Lako la Biolojia?

Mwanafunzi anayeanza biolojia akiambiwa afanye utafiti mdogo, mara nyingi hukimbilia jaribio. Anatafuta makopo mawili, mbegu na maji, anaanza. Muulize anataka kujua nini, anasita. Kazi nyingi huharibika hapo, kabla hata mbegu haijaloweshwa, kwa sababu njia imechaguliwa kabla ya swali.

Kwa anayeanza, njia za kuchunguza viumbehai zinaweza kuwekwa katika makundi matatu. Kutazama: unakaa, unaangalia, unaandika, hugusi kitu. Kulinganisha: unachukua hali mbili ambazo tayari zipo bila mkono wako, unahesabu kila upande, unatafuta tofauti. Kujaribu: wewe mwenyewe unabadilisha jambo moja, mengine unayaacha vilevile, kisha unapima kilichotokea. Naziweka bega kwa bega kwa sababu zimezoeleka kupangwa kama ngazi, jaribio juu na kutazama chini, na mpangilio huo unawapotosha wanafunzi. Kila moja ina swali lake, na ukiipa swali la mwenzake itakujibu vibaya.

Kutazama

Hii ichague pale ambapo hujui vya kutosha hata kuuliza swali zuri. Jane Goodall alipoanza kuwafuatilia sokwe wa Gombe, magharibi mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, mwaka 1960, hakuwa na kitu cha kubadilisha wala makundi mawili ya kupima. Alikuwa na darubini, daftari na subira. Mwaka huohuo alimwona sokwe akichomeka unyasi ndani ya kichuguu, akiuchomoa polepole ukiwa umegandwa na mchwa, akiwala. Kuna waliochukua kijiti chenye majani wakakipukutisha kwanza ili kiingie vizuri tunduni. Hadi wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Jaribio lisingeweza kulifichua jambo hilo, maana hakuna aliyekuwa na sababu ya kulipanga.

Wengi hudhani kutazama ni kazi rahisi. Jaribu na msafara wa sisimizi ukutani. Kaa nao dakika 20, gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili. Kushoto andika ulichokiona: "Saa 4:10. Wawili wamekutana, wamegusana vipapasio kama sekunde 2, kila mmoja ameendelea upande wake." Kulia andika unachodhani: "Huenda wanatambuana." Ukiandika kushoto "wamesalimiana" umeshaharibu kumbukumbu, kwa sababu kesho hutaweza kutenganisha jicho lako na wazo lako. Tofauti hiyo ndogo ya safu mbili ndiyo ninayoiona kuwa somo la kwanza la sayansi, hata kabla ya jina la seli.

Udhaifu wa njia hii uko wazi. Jicho hupenda kuona lilichotarajia. Tukio la nadra laweza kukupita ukiwa umeinama kuandika. Na mtazamaji mwenyewe huweza kuwa sehemu ya anachokitazama: huko Gombe, baadaye sokwe walipowekewa ndizi ili wasogee karibu, wanasayansi wengine walihoji kama chakula hicho hakikubadilisha tabia zao. Zaidi ya yote, kutazama kunakuambia nini kinatokea, lini, na mara ngapi. Kwa nini kinatokea, hakukuambii. Ukimaliza dakika zako 20 utakuwa na dhana, kwa mfano kwamba sisimizi wanafuata harufu iliyoachwa njiani. Dhana ya namna hiyo, inayoweza kupimwa na ikaonekana si kweli, ndiyo vitabu vingi huiita nadharia tete. Ukipitisha kidole chenye maji kukatisha njia yao na kuona wakisita pale pale ulipofuta, hapo umekwisha kuacha kutazama, umeanza kujaribu.

Kulinganisha

Kuna maswali makubwa ya biolojia ambayo mkono wa mtafiti haufiki. Huwezi kuwapa watu ugonjwa ili uone nani anapona. Huwezi kungoja miaka elfu. Unachoweza ni kutafuta mahali ambapo ulimwengu wenyewe umekwisha kuweka makundi mawili.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo mwaka 1949. Akaona chembe ya urithi ya selimundu ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu kwa watu wa nyanda za juu. Hilo lilikuwa fumbo, kwa sababu mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa baba na kwa mama huugua vibaya, na zamani wengi walikufa wadogo. Kitu kinachoua watoto kilitakiwa kipungue kizazi baada ya kizazi. Mbona sehemu fulani hakipungui? Allison akaweka picha mbili pamoja: ramani ya selimundu na ramani ya malaria. Zilikaribiana. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu anapata kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali, hivyo katika nchi za mbu chembe hiyo inalindwa na faida yake.

Angalia lakini kwamba ramani mbili zinazofanana hazikutosha, na yeye alijua hivyo. Pwani na ziwani hutofautiana na milimani kwa mambo mengi: joto, chakula, asili ya watu. Ndiyo maana alikwenda mbele akapima watoto wa eneo moja, wenye chembe hiyo na wasio nayo, akakuta walio nayo wana vimelea vichache zaidi. Akafanya hata jaribio kwa watu wazima 30 waliojitolea kuambukizwa: kati ya 15 wasio na selimundu, 14 walipata malaria, kati ya 15 wenye chembe hiyo, 2 tu. Jaribio kama hilo leo lingepaswa kwanza kupita mbele ya kamati ya maadili, na masharti yake yangekuwa mazito. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi ulinganisho unavyoelekeza kidole, kisha kitu kingine kinatakiwa kuthibitisha kwamba kidole kimeelekezwa pazuri.

Kuna wakati lakini kitu hicho kingine hakipatikani, na ulinganisho lazima ubebe mzigo wote. Madhara ya sigara kwa binadamu hayakujulikana kwa kuwalazimisha watu wavute. Kuanzia mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na ufuatiliaji huo uliendelea kwa miaka 50. Matokeo ya nusu karne hiyo yalionyesha kwamba wavutaji wa maisha walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Waliovuta zaidi waliathirika zaidi, walioacha mapema walinusuru sehemu kubwa ya miaka yao. Ulinganisho ukifika hapo, pande nyingi zikisema neno moja, si haki kuuita dhaifu.

Kwako wewe mwenye wiki mbili na daftari, ulinganisho mzuri ni wa nyasi kivulini na juani. Tengeneza fremu ya mraba kwa vijiti au waya, kila upande sentimita 50. Weka fremu mara 10 chini ya mti na mara 10 pasipo kivuli, hesabu mimea iliyomo. Wengi hufundishwa kuirusha fremu nyuma ya bega ili iangukie popote, lakini mkono hurusha panapopendeza. Afadhali upime eneo kwa hatua, uandike namba kwenye vikaratasi, uchomoe kura. Utaona, pengine, kwamba chini ya mti nyasi ni chache. Usikimbilie kuandika kwamba ni kwa sababu ya mwanga. Chini ya mti kuna mizizi inayofyonza maji, kuna majani makavu yaliyofunika udongo, kuna wanyama wanaopumzika na kukanyaga. Mambo manne yamebadilika pamoja.

Hapa pana hila nzuri isiyohitaji jaribio. Tafuta kivuli kisicho na mizizi: cha ukuta, kwa mfano. Kama nyasi ni chache pia kwenye kivuli cha ukuta, mwanga unazidi kushukiwa. Kama zimestawi pale, basi mti wenyewe unafanya jambo jingine zaidi ya kuzuia jua. Ulinganisho hupata nguvu kwa namna hiyo, kwa kuongeza upande wa tatu unaotenganisha mawili yaliyokuwa yamegandana.

Kujaribu

Jaribio ndilo lenye uwezo wa kusema "hiki kimesababisha kile", na uwezo huo unatokana na jambo moja tu: umebadilisha kitu kimoja, umeacha mengine. Ni rahisi kulisema. Francesco Redi, kule Italia mwaka 1668, alitaka kujua kama funza huzaliwa na nyama inayooza, kama watu walivyoamini. Aliweka nyama kwenye vyombo, vingine wazi, vingine vimezibwa kabisa. Vya wazi vikapata funza, vilivyozibwa havikupata. Mtu mvivu angeishia hapo. Lakini aliyeziba chombo amezuia mambo mawili, inzi na hewa, na mpinzani angeweza kusema funza wamekosa hewa ya kuzaliwa. Redi akarudia, safari hii akifunika vyombo kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Inzi walikuja, wakataga mayai juu ya kitambaa. Nyama ndani haikutoa funza. Kitambaa kile, kwangu, ni fundisho kubwa kuliko sura nzima ya kitabu.

Sasa chukua jaribio ambalo karibu kila anayeanza hulifanya: maharage kwenye mwanga na maharage gizani. Yaloweshe usiku kucha, yaweke kati ya karatasi yenye unyevu na ukuta wa chombo cha kioo ili uone kila kitu. Baada ya siku mbili au tatu mzizi mdogo mweupe unachomoza na kuelekea chini, hata kama mbegu imelala kichwa chini. Kisha shingo iliyopinda kama ndoano inanyanyuka, ikivuta nusu mbili za mbegu nyuma yake. Kwenye mwanga ndoano inanyooka na majani yanafunguka ya kijani. Gizani inabaki imepinda, shina ni jeupe, jembamba na refu mno, majani madogo ya manjano.

Mwanafunzi aliyeandika mwanzoni kwamba "mwanga husaidia mmea kukua" anachukua rula, anapima, anakuta mmea wa giza ni mrefu kuliko wa mwanga. Najua wanafunzi waliobadilishana lebo kwa siri wakidhani wamekosea. Hawakukosea kupima, walikosea kutosema "kukua" maana yake ni nini. Mche ulio gizani unatumia akiba ya mbegu kurefuka haraka, kana kwamba bado uko chini ya udongo ukiutafuta uso. Usipime urefu, ikaushe miche kabisa, uipime kwenye mizani. Uliokaa gizani utakuwa umepungua hata kuliko mbegu ulizoanza nazo, kwa sababu unapumua na kula akiba bila kutengeneza chakula. Urefu unasema hivi, uzito mkavu unasema vile, na vyote viwili ni kweli. Amua kipimo chako kabla ya kuanza na ukiandike, pamoja na unachotarajia.

Tena boksi la giza halizuii mwanga peke yake. Linazuia upepo, linahifadhi unyevu, laweza kuwa na joto zaidi. Kitambaa cha Redi kinarudi: funika makundi yote mawili kwa chombo cha plastiki angavu cha aina moja, kimoja ukizungushie karatasi nyeusi, na juu ya karatasi nyeusi uweke nyeupe ili chombo kisipate joto kali. Kundi la mwanga ndilo kundi dhibiti, yaani lile la kukuonyesha nini kingetokea kama usingebadilisha kitu, na linatakiwa kutendewa sawa kwa kila kitu kingine.

Swali la idadi nalo huwatesa watu. Harage moja kila upande halikuambii kitu. Moja likioza umepoteza nusu ya utafiti. Weka hata 20. Hata hivyo, maharage 20 ndani ya boksi moja bado ni boksi moja: boksi hilo likiwa na kasoro, yote 20 yameguswa na kasoro hiyo. Maboksi manne yenye maharage matano kila moja yana thamani zaidi. Gregor Mendel alipohesabu mbegu za njegere za kizazi cha pili katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1866, alipata 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi. Ukigawanya unapata 2.96 kwa 1, na wingi huo ndio uliomruhusu kuamini kwamba nyuma yake kuna tatu kwa moja. Angefungua ganda moja lenye njegere nane angeweza kukuta tano kwa tatu, na sheria ya urithi isingeonekana.

Jaribio lina udhaifu wake ambao hausemwi vya kutosha. Linajibu swali ulilouliza tu, ndani ya chombo ulichokitengeneza. Jan Baptista van Helmont alipanda mche wa mwerebi wenye uzito wa kilo 2 na ushei kwenye udongo mkavu uliopimwa, kama kilo 90, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulifika kama kilo 77, udongo ulipungua gramu 57 hivi. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake, ilipangwa kwa uangalifu na vipimo vyake vilivunja wazo kwamba mti hula udongo. Kisha akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Hakufikiria hewa, ingawa ndiye mtu aliyelipa ulimwengu neno "gesi". Sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mti hutokana na kabonidayoksaidi inayoingia kupitia majani na kugeuzwa sukari kwa nguvu ya mwanga, kazi tunayoiita usanisinuru. Jaribio lake lilikuwa na haki ya kusema "si udongo". Halikuwa na haki ya kusema "ni maji". Ukisoma ripoti yoyote, pamoja na yako, tafuta mahali ambapo mwandishi amevuka kutoka kile jaribio lilichokanusha hadi kile alichotamani kukithibitisha.

Uchague ipi?

Anza na sentensi ya swali lako. Likianza na "nini", "wapi", "lini" au "mara ngapi", tazama au linganisha, na usione aibu. Likiwa na maneno "husababisha", "huzuia" au "husaidia", linataka jaribio, na kama huwezi kulifanya, badilisha maneno ya swali kabla ya kubadilisha njia. "Je, kivuli huzuia nyasi kuota?" ni swali la jaribio. "Je, nyasi ni chache kivulini kuliko juani?" ni la ulinganisho. Yanafanana kwa macho, ila la pili unaweza kulijibu kwa uaminifu ndani ya siku mbili.

Pima madhara. Mnyama anayeumia au binadamu asiyekubali anafunga mlango wa jaribio papo hapo, hata kama swali ni zuri. Mimea inakupa uhuru mkubwa kuliko viumbe wengine, na ndiyo sababu mojawapo ninawashauri wanaoanza wafanye jaribio lao la kwanza kwa mbegu.

Muda nao una sauti. Maharage yanakujibu ndani ya siku 10 na unaweza kurudia mara mbili katika mwezi. Ndege anayejenga kiota hakupi nafasi hiyo; ukimpata, acha kila kitu umtazame, maana msimu ujao ni mbali.

Kama bado umesimama njia panda, na una wiki tatu, fanya zote kwa mpangilio huu: siku mbili za kutazama tu, hujapima kitu, siku mbili za fremu kivulini, juani na kwenye kivuli cha ukuta, muda uliobaki, mbegu za nyasi zilezile kwenye vyombo vyenye udongo uleule, nusu chini ya kitambaa cheusi kilichoinuliwa ili hewa ipite, nusu chini ya kitambaa cheupe chepesi kilichoinuliwa vivyo hivyo. Chomoa kura ya chombo kipi kiende wapi. Kila siku ya pili vibadilishane nafasi, kitambaa kikienda na chombo chake, ili upande wenye joto usipendelee mmoja. Na ukurasa wa kwanza wa daftari, wenye tarehe na matarajio yako, usiufute hata kama siku ya mwisho utakuwa umekutia aibu.